Mzee amestaafu reli, mimi bado sijastaafu jiko

Mama Mshauri, Bwana asifiwe.

Ninakuandikia kutoka Ruashi, hapa Lubumbashi, ingawa kwetu ni Likasi. Nina miaka 64, mzee wangu ana 69. Watoto wetu wote wameshatoka nyumbani. Mzee alifanya kazi ya reli mpaka alipostaafu, mimi nilikuwa mshonaji, na cherehani yangu ninayo mpaka leo.

Mwaka jana kanisa letu lilituomba tuende misioni ya miaka miwili kwenye kituo kipya huku Ruashi. Kituo kina vijana wengi na ndoa changa, lakini wazee hakina. Pasta alitueleza kazi vizuri: baba atawafundisha wainjilisti na kuwasaidia wenye ndoa kusikilizana, mama atawafundisha wanawake kushona, na wasiojua kusoma atawafundisha kusoma. Tulikubali kwa furaha. Tukafunga nyumba yetu, tukampa jirani ufunguo, tukapanda basi na masanduku mawili na cherehani.

Sitaki ufikiri kwamba ninajuta kuja. Watu wa hapa wametupokea kama wazazi. Vijana wananiita Kambo, kama mtu anavyomwita bibi au babu yake, na siku nilipougua walifua nguo zetu zote bila kuombwa. Ila nikueleze jinsi siku yangu inavyokwenda.

Maji ya bomba yanakuja usiku wa manane, basi giza likingali nene niko uani na bidoni zangu. Kisha ninawasha mbabula, jiko langu la makaa, kwa sababu umeme wa mtaa wetu hauna saa unayoweza kuitegemea. Wainjilisti watano wanalala kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, nao wanakuja kwetu kunywa chai. Chai haijaisha, mtu wa kwanza mwenye shida anagonga mlango wa lupango, yaani uwanja wetu wenye ukuta. Akitoka huyo, anaingia mwingine. Mchana wainjilisti wanarudi kula bukari, yaani ugali, na wageni watakaokuwapo saa hiyo wanakula pia. Jioni wanakuja wanandoa waliogombana, na hao hawaondoki mpaka usiku. Kuna usiku mtu anagonga akitaka kuombewa kwa ndoto mbaya. Mzee anasema, "Mwache aingie." Kila mara ni hivyo: mwache aingie.

Kanisa linatupa nyumba na posho ya watu wawili. Mfuko wa unga wa kilo 25, ambao Likasi ungetuvusha mwezi mzima, huku unaisha kabla ya katikati ya mwezi. Tukiishiwa, mzee anachukua pesa zilizotengwa kwa vitambaa vya darasa langu. Darasa lenyewe lilikuwa liwe mara tatu kwa wiki. Sasa limebaki Jumamosi tu, na hata Jumamosi ninainuka katikati ya somo kwenda kusonga bukari. Wanawake walioanza kujifunza kukata blauzi wamekata tamaa wakaacha. Walibaki wanne.

Nimeambiwa na muuguzi wa kituo cha afya kwamba nina tensheni, yaani damu inapanda. Alipima akakuta 160 kwa 100, akanipa vidonge. Siku nyingine ninavimeza, siku nyingine jioni inafika ndipo ninakumbuka.

Jambo lililonifanya nikuandikie ni hili. Jioni moja tulikuwa tumekaa kula, mimi nikiwa sijala tangu chai, ikaingia familia nyingine na ugomvi wao. Nikamwambia mzee kwa sauti ya chini, "Tuwaombe warudi kesho." Akajibu mbele yao, na mbele ya wainjilisti wote: "Mama amechoka na kazi ya Mungu." Vijana waliinamisha vichwa. Mimi niliingia jikoni, na maneno hayo bado yako tumboni mwangu.

Sasa binti yetu mdogo aliyeolewa Kolwezi atajifungua mwishoni mwa mwezi ujao. Uzazi wa kwanza alipasuliwa. Mama mkwe wake alishafariki, na mumewe anafanya kazi ya mgodi kwa zamu, wiki za usiku na wiki za mchana. Ameniomba niende kumshika. Mzee amekataa. Anasema mtu aliyeshika jembe haangalii nyuma, na kwamba Mungu atamtunza binti yetu kwa sababu sisi tunaitunza kazi yake. Wana wetu wa Likasi wanapiga simu kila Jumapili wakisema kanisa linatutumia kama punda, turudi nyumbani.

Nimefikiri niamke asubuhi moja, nipande basi la Kolwezi, nimwachie mzee karatasi mezani. Je, nikienda nitakuwa nimekimbia misioni? Na huu mlango wa lupango niufanyeje, nisionekane mchoyo kwa watu wanaotupenda?

Mama wa Ruashi

*

Yaya, Bwana asifiwe.

Nakuita yaya kwa sababu umenizidi miaka. Nitakuambia wazi ninavyoona, kama mdogo anavyomwambia mkubwa wake wakiwa peke yao jikoni.

Kolwezi nenda. Naanza na hilo kwa sababu lina tarehe. Mwanamke aliyepasuliwa uzazi wa kwanza anahitaji kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, hata kama safari hii mtoto atatoka kwa njia ya kawaida, kwa sababu kovu la zamani linaweza kuchanika wakati wa uchungu. Maana yake ni kwamba lazima awepo mtu mzima pale nyumbani wa kusema "twende sasa" uchungu ukianza usiku na mume yuko zamu. Na wakimpasua tena, wiki za kwanza hataruhusiwa kubeba kitu kizito. Nani atateka maji? Nani atambeba mtoto wa kwanza? Kwetu mama hulala chumba kimoja na mzazi, huamka na mtoto, humkanda binti, huwapokea wageni ili yeye alale. Wengine huita desturi, lakini wewe na mimi tunajua kwamba ni uuguzi. Uwe umefika kabla ya tarehe aliyopewa, usingoje kuitwa kwa simu.

Hapo kwenye jembe, mzee wako amelishika neno kubwa, ila amelishika kwa upande usio wake. Yule ambaye Bwana Yesu alimwambia habari ya jembe alikuwa hajaanza hata mtaro mmoja, alikuwa bado anaomba ruhusa kabla ya kuondoka. Ninyi mmelima mwaka mzima. Tena Yesu huyohuyo, katika Marko sura ya 7, aliwakemea watu waliosema kwamba kile ambacho kingewasaidia wazazi wao kimeshawekwa wakfu kwa Mungu, kwa hiyo wazazi wasikidai tena. Pale walionyimwa ni wazazi, hapa ni binti, lakini njia ni ileile: kumnyima mtu wa nyumbani mwako haki yake, kisha kumwekea Mungu lawama. Msomee mzee sura hiyo. Msomee polepole, bila kuongeza maneno yako, yeye ni mtu wa Neno na atasikia mwenyewe.

Wala usifikiri kanisa litashangaa. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo lina misioni yake hapa Lubumbashi, limezoea kutuma wanandoa wazee kama ninyi, na wengi wao hujilipia gharama zao wenyewe. Tangu mwaka 2011 linawaruhusu wazee hao kurudi nyumbani siku chache kwa jambo zito la familia, kwa nauli yao, kisha waendelee. Wala haliwafungi kwa ratiba ya saa kwa saa wanayofuata wamisionari vijana, kwa sababu linajua mwili wa mtu wa miaka 65 si wa miaka 20. Sikuambii uhame kanisa, Yaya. Nakuambia kwamba watu wenye uzoefu mrefu wa kutuma wazee walishakutana na swali lako, na hawakuona kwamba jibu ni kumfungia bibi mlango.

Ila usiondoke kwa karatasi ya mezani. Hapo nakukatalia kabisa. Ukiondoka hivyo, lile neno la mzee, kwamba umechoka na kazi ya Mungu, litakuwa limepata ushahidi, na wale vijana walioinamisha vichwa watadhani alikuwa anasema kweli. Ondoka mchana, mbele ya watu, umeombewa, umesindikizwa mpaka kituo cha basi.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe.

Nimesoma barua yako nikitafuta misioni yako, nimeikuta kwenye mistari michache tu: kushona, kusoma, wanawake wanne waliobaki. Kurasa zingine zote ni maji, mbabula, chai, bukari na wageni. Mzee alistaafu reli, akapewa kazi mpya: kufundisha, kushauri, kusikiliza. Wewe hukustaafu chochote. Jiko ulilolifunga Likasi limekufuata Ruashi, na huku limekuwa kubwa mara tatu. Kisha juu yake ukawekewa darasa. Pasta alipowatuma, hakusema "baba atafundisha na mama atapika." Alitaja kazi mbili za watu wawili. Moja inafanyika kila siku mpaka usiku, nyingine imebaki Jumamosi nusu. Hapo ndipo penye ugonjwa. Wageni ni dalili tu.

Kuna Prisila na Akila, ambao mnawajua vizuri kuliko mimi. Walikuwa mafundi wa mahema wote wawili, nyumba yao ilikuwa na kanisa ndani yake, Paulo mwenyewe alikaa kwao Korintho. Na alipotokea Apolo, mhubiri hodari aliyekuwa bado hajaelewa vizuri, Matendo sura ya 18 inasema walimchukua wote wawili wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Pale Prisila hatajwi kama mpishi wa somo. Ukipanda basi la Kolwezi, baada ya Likasi na kabla ya Fungurume utapita Mulungwishi, kwenye chuo kikuu cha Wamethodisti. John na Helen Springer, Wamarekani walioleta kazi ya Methodisti Katanga, walipita nchi hii mara ya kwanza mwaka 1907 wakienda kwa miguu kuelekea Angola. Helen alikuwa kwenye safari ile na akaandika vitabu yeye mwenyewe, na mumewe alipochaguliwa kuwa askofu mwaka 1936 wote wawili walikuwa wameshapita miaka 60, bado wanafanya kazi. Nakutajia hao ili mzee asidhani ninakuletea mambo ya kisasa. Mke mwenye kazi yake ndani ya misioni ni jambo la zamani hapa kwetu.

Basi dai lako kwa mzee lisiwe "wageni wapungue." Ukisema hivyo utaonekana unapigana na watu. Dai lako ni darasa. Mwambie: "Nilitumwa kufundisha, na sifundishi. Nisaidie nirudi kwenye kazi niliyotumwa." Hapo unamwita upande wako, na yeye ndiye kichwa cha kituo, hawezi kukataa kwamba kazi aliyoagiza pasta ifanyike. Mweleze hivyo mkiwa wawili, mkiwa mmeshiba, wala si usiku baada ya wanandoa kuondoka. Mtoke nje ya lupango. Mwende kwa miguu mpaka mbali kidogo, kwa sababu mkiwa nyumbani mtu atagonga na yeye atasema mwache aingie.

Wale wainjilisti watano wapike. Sijaona katika barua yako sababu yoyote ya vijana watano wenye mikono mizima kusubiri bukari ya mwanamke wa miaka 64 mwenye tensheni. Wana chumba chao, wapewe mbabula yao, sufuria yao na mfuko wao wa unga kutoka kanisani. Wakiwa hawajui kusonga, wafundishe wiki moja, kisha waache waunguze mpaka wajue. Kesho watatumwa vituo vya mbali, Pweto au Kasenga au huko ndani zaidi, na mwinjilisti asiyejua kupika atakuwa mzigo kwa wajane wa kijiji atakachotumwa. Kwa hiyo hata hilo ni somo, na mzee anaweza kuliweka kwenye ratiba ya mafunzo yake. Zamu ya kuteka maji iwe yao pia. Kama walifua nguo zenu bila kuombwa, hao ni watoto waliolelewa vizuri. Hakuna aliyewaambia tu.

Pesa. Hapo nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Posho ya watu wawili haiwezi kulisha watu wanane au kumi, hata mkiomba usiku kucha. Mzee akichukua pesa za vitambaa kununua unga, haonyeshi ukarimu wake. Anawanyang'anya wale wanawake wa darasa, ambao huenda wana shida kuliko wanaokula. Mwanamke anayejua kukata na kushona blauzi anaweza kulipa shule ya mtoto wake. Yule aliyekula bukari kwenu mchana, jioni ana njaa tena. Pesa za darasa zitoke nyumbani kwenu kabisa. Akae nazo mama mmoja wa kanisa mwenye kuaminiwa, aandike daftari, na yeyote anayezitaka, hata mzee, aombe mbele ya kamati ya wanawake. Na mwambieni pasta ukweli kwa tarakimu: watu wangapi wanakula kwenu kwa wiki, unga kilo ngapi, makaa magunia mangapi. Mara nyingi viongozi hawajui. Wanaona kituo kinakua, wanamshukuru Mungu, hawaulizi nani anaosha vyombo. Kanisa likitaka kulisha wageni, na ni jambo jema, basi lilishe kama kanisa: wamama wapeane zamu, kila nyumba ilete kidogo.

Kuhusu mlango, usiwe mmoja kwa watu wote. Kilio hakina saa. Mtu aliyefiwa akigonga usiku wa manane, fungueni wote wawili, na wewe uweke maji motoni, ndivyo tulivyo. Mgonjwa vilevile, na mwanamke anayekimbia kipigo vilevile. Lakini wanandoa wanaogombana kila wiki kwa sababu ya simu na matumizi ya nyumba hawafi wakirudi kesho. Hao wapewe siku na saa, wapokelewe kanisani au kwenye baraza, wala si kwenye meza yenu ya chakula. Nimeona kwa macho yangu, ndoa changa ikijua kuna mzee anayeisikiliza kila jioni bila mpaka, haijifunzi kumaliza maneno yake yenyewe. Wanahifadhi ugomvi mpaka jioni ili wauletee mzee. Akiwapa Jumatano saa tisa, kufika Jumatano nusu ya maneno wameshayamaliza kitandani.

Marko anasimulia kwamba wanafunzi walizungukwa na watu wakija na kwenda mpaka wakakosa nafasi hata ya kula, na Yesu akawaita waende faraghani wapumzike kidogo. Iko katika sura ya 6. Kweli, umati uliwafuata hata huko, na Yesu akauhurumia. Lakini aliwaita kwanza, aliona kwamba hawajala. Nataka mzee wako aone kwamba hujala.

Nije kwa mzee mwenyewe, maana simwoni kama mtu mbaya, na nadhani wewe pia humwoni hivyo. Mwanaume aliyefanya kazi ya reli miaka mingi alizoea kungojwa. Treni haitoki bila watu wake. Kisha siku moja anarudi nyumbani na hakuna anayemngoja tena. Wewe uliendelea kushona, wateja waliendelea kuja kwako. Yeye alikaa kwenye kiti uani. Sasa Ruashi watu wanagonga mlango wakimtaka yeye, kijana anamwita Kambo, mume mwenye hasira ananyamaza akimsikia. Kila anayegonga anamwambia kwamba bado anahitajika. Ndiyo maana hawezi kusema "rudi kesho." Anaogopa kesho asirudi mtu. Ukilijua hilo, utazungumza naye tofauti. Mwambie kwanza kwamba unaona anavyosaidia watu, na kwamba unajivunia. Mwambie kwa kweli, kama ndivyo unavyoona. Halafu mwambie habari ya neno alilosema mezani.

Hilo neno usilimeze. Alikudharau mbele ya watu, na jambo la mbele ya watu halirekebishwi chumbani peke yake. Mwombe alirudishe palepale alipolitoa: mezani, wainjilisti wakiwepo. Haihitaji hotuba. Anaweza kusema tu, "Vijana, siku ile nilimsema mama vibaya. Mama hajachoka na kazi ya Mungu, mama amebeba kazi yangu na yake." Wale vijana watano wataoa karibuni. Wamekaa mwaka mzima wakimsikiliza akifundisha jinsi mume anavyomtunza mke, na jioni ile waliona kinyume chake. Wakimwona anarudi nyuma kwa unyenyekevu, watakuwa wamepata somo la ndoa ambalo hawatalisahau. Kama atakataa, usimlazimishe mbele za watu na wewe. Mpelekeeni jambo hilo pasta na mke wake, mkiwa wote wanne.

Wanao wa Likasi wana uchungu wa haki, ila maneno yao si ya haki. Hakuna aliyewafunga kamba. Mlikubali kwa furaha, na barua yako inaonyesha unawapenda watu wa Ruashi. Waambie wapunguze maneno ya punda, waongeze nauli ya Kolwezi. Mtoto anayehurumia mama yake kwa simu kila Jumapili anaweza pia kumlipia basi na kumtumia dada yake kitu kidogo cha hospitali.

Tensheni yako nimeiacha nyuma, lakini haiko nyuma. Daktari huhesabu tensheni kuwa juu kuanzia 140 kwa 90, wewe uko juu zaidi ya hapo. Vidonge hivyo havimezwi siku ya kichwa kuuma tu. Vinamezwa kila siku, hata ukijisikia mzima kabisa, kwa sababu tensheni haina sauti mpaka siku inapoharibu. Vimeze saa ileile kila siku, pamoja na chai ya asubuhi, kabla hujamfungulia mtu. Makayabu na samaki wengine wa chumvi uwaache, au uwaloweke na kumwaga maji mara kadhaa, na vile vimchemraba vya kuongeza ladha kwenye sombe, majani ya muhogo, uvipunguze, vina chumvi nyingi. Rudi kwa yule muuguzi akupime tena kabla ya safari. Usipande basi la saa nyingi na namba usizozijua.

Kwa Kolwezi, fanya hivi. Andikeni ombi kwa pasta, tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi, tuseme wiki tatu au nne, na mzee atie sahihi pamoja nawe. Taja katika ombi nani atashika darasa: kati ya wale wanne waliobaki lazima yupo mmoja aliyefika mbele kidogo, huyo awaonyeshe wenzake kukunja pindo na kutia vifungo mpaka urudi. Utakuta amekomaa. Tarehe ya kurudi iandike kwa kalamu kwenye kalenda ya ukutani, mzee aione kila asubuhi, na vijana waione. Jumapili ya mwisho kabla ya safari simama kanisani uombewe. Kama mzee atashikilia kukataa hata baada ya pasta kukubali, utakwenda kwa ruhusa ya waliokutuma, na utamuaga kwa heshima yote ya mke, na utampigia simu kila jioni kumpa habari za mjukuu wake.

Vidonge beba vya siku zote utakazokaa na vya wiki moja zaidi, ili usianze kutafuta famasi Kolwezi usiku na mtoto mgongoni.

Mdogo wako, Mama Mshauri